Gari la mbio fupi: Nguvu za injini huja mwisho

MBIO za magari za masafa mafupi, maarufu kama dragi, hukutanisha magari mawili kwenye njia iliyonyooka ya robo maili, yaani mita 402.

Kwa fundi anayejiundia gari la aina hiyo nyumbani, awe Kathonzweni, Kaunti ya Makueni, au kwingineko, kishawishi ni kuanza na injini. Hilo ni kosa. Breki, matairi na mikanda ya usalama hutangulia, kisha uzani hupunguzwa kwa kung'oa viti visivyohitajika. Nguvu ambazo matairi hayawezi kuzifikisha barabarani huishia kuwa moshi.

Injini inayosukumiwa hewa kwa tabochaja hudai uangalifu zaidi. Hewa ikizidishwa bila kuongezwa petroli ya kutosha, joto hupanda na pistoni huweza kutoboka. Ndiposa fundi makini hubadilisha kitu kimoja tu, hupima muda, huandika matokeo, ndipo aguse kingine.

Marehemu Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeshinda Safari Rally mwaka wa 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa.

Majaribio yafanyiwe uwanja uliofungwa. Barabara ya umma ina watoto, mifugo na bodaboda.