Mwiko Mchana, Kitabu Usiku

Wahenga walisema: mshika mawili, moja humponyoka. Methali hii ilinijia juma lililopita, alipokuja kwangu kijana mmoja wa jumuiya yetu hapa Kasumbalesa kuomba shauri. Amekwisha kupata digrii ya kwanza ya usanifu wa majengo, na sasa anasimamia mafundi wanaojenga maghala karibu na mpaka wa Zambia. Ana mke na watoto wawili. Anataka kusomea digrii ya pili, lakini hawezi kuacha mshahara.

“Baba katekista,” aliniuliza, “je, mtu aweza kusoma mambo makubwa namna hii huku anafanya kazi? Wenzangu wananicheka. Wanasema mwanafunzi wa jioni ni nusu ya mwanafunzi.”

Sikumjibu papo hapo. Mimi nilisoma seminarini, mahali ambapo kengele huamuru saa ya kusoma na saa ya kulala, wala mwanafunzi hahangaiki kutafuta unga. Sikutaka kumpima kwa maisha yasiyo yake. Basi nilimwomba arudi baada ya siku chache, nami nikatafuta habari za watu waliotangulia. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, tusidhani kwamba wasanifu wa zamani walikaa darasani kutwa. Katika Uingereza, kwa miaka mingi, kijana aliyetaka kazi hiyo alitiwa katika ofisi ya bwana mmoja. Mara nyingi baba yake alilipa ada, na kijana akachora, akanakili, akapelekwa kutazama kazi ya waashi. Mwaka 1768 ilianzishwa Royal Academy mjini London, na wanafunzi wa usanifu wakaenda huko jioni kusikiliza mihadhara, kisha asubuhi wakarudi ofisini.

Mmoja wao alikuwa John Soane, aliyezaliwa mwaka 1753, mtoto wa mwashi wa matofali. Aliingia katika ofisi ya George Dance akiwa kijana mdogo, akapokewa katika shule ya Academy mwaka 1771, naye akaendelea kufanya kazi, baadaye kwa Henry Holland. Mwaka 1776 alishinda nishani ya dhahabu. Mwaka 1788 alifanywa msanifu wa Benki ya Uingereza, na mwaka 1806 akawa profesa katika shule ile ile aliyoiendea jioni akiwa mwanafunzi. Tazameni basi: mtoto wa mwashi alishika mawili, na hakuna hata moja lililomponyoka.

Lakini si wote waliopata bahati hiyo. Bwana mwema alifundisha. Bwana mchoyo alipokea ada, akamwacha kijana anakili michoro miaka mitano bila kumweleza kwa nini boriti imewekwa hapa wala si pale. Ndiyo maana mwaka 1847 vijana wenyewe, wakiongozwa na Robert Kerr na Charles Gray, walianzisha chama kilichoitwa Architectural Association. Walikutana jioni, wakaonyeshana michoro yao na kusahihishana. Chama hicho kilianza bila jengo kubwa wala profesa wa mshahara, lakini kilikua mpaka kikawa shule yenye sifa ulimwenguni. Tangu mwaka 1882 chama kikuu cha wasanifu wa Uingereza, yaani RIBA, kililazimisha mtihani kwa wale waliotaka kuingia. Wengi walifanya kazi mchana, wakajiandaa usiku kwa mtihani huo.

Kisha likaja geuzo kubwa. Mwezi wa Aprili 1958 RIBA iliita mkutano katika mji wa Oxford kuzungumza juu ya mafundisho ya usanifu. Ripoti yake iliandikwa na Leslie Martin. Mkutano ulitaka mambo haya: wanafunzi waingie wakiwa na vyeti vya juu zaidi, shule ziwe katika vyuo vikuu au vyuo vya daraja hilo, masomo ya juu baada ya digrii ya kwanza yaongezwe, na njia ya zamani ya kusoma kidogo kidogo kando ya kazi iondolewe polepole.

Tusiwahukumu upesi watu wale. Majengo yalikuwa yamekwisha kubadilika: chuma, zege, umeme na mabomba vilitaka hesabu na sayansi. Aliyejifunza kwa bwana dhaifu aliweza kujenga nyumba ya hatari. Lakini mlango ule ule uliowafungulia watu masomo ya juu uliwafungia wengine, hasa wenye watoto na wasio na akiba. Mtu hawezi kukaa darasani kutwa miaka mingi ikiwa nyumbani hakuna anayeleta chakula.

Nasi Waafrika tulikuwa wapi wakati huo? Mjini Nairobi chuo cha ufundi, Royal Technical College, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, na usanifu ulikuwa mmoja wa masomo yake. Wengine walivuka bahari. David Mutiso wa Kenya alisoma Sheffield, Uingereza. Baadaye yeye na Karl Henrik Nøstvik wa Norway walisanifu jumba la mikutano la Nairobi, KICC, lililofunguliwa mwaka 1973. Beda Amuli wa Tanzania alisoma Haifa katika Israeli, akarudi kusanifu Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975. Paa la soko hilo limefanywa kama miavuli mikubwa ya zege inayokusanya maji ya mvua. Hiyo ndiyo elimu iliyotazama mahali ilipo.

Hapa kwetu Katanga, Wasalesiani walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa. Walifundisha useremala na kazi nyingine za mikono pamoja na kusoma na kuandika. Chuo kikuu cha mji huo kilianza katika miaka ya 1955 na 1956. Lakini Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, raia wake waliokuwa wamemaliza chuo kikuu walikuwa wachache mno. Mikono ya mafundi ilikuwapo. Madaraka ya kupanga yalikuwa ya wengine.

Tena, mambo yamezunguka. Mwaka 2015 ilifunguliwa London School of Architecture, shule ya digrii ya pili, kwa mpango wa wanafunzi kufanya kazi ya mshahara ofisini siku 3 kwa juma katika mwaka wa kwanza. Mwaka 2018 Uingereza ilikubali njia ya uanagenzi mpaka mtu awe msanifu kamili. Kumbe kile kilichotupwa mwaka 1958 kimeokotwa, kikasafishwa.

Kijana aliporudi, nilimsimulia haya yote. Kisha nikamwambia: “Mwanangu, wanaokucheka wanauliza swali lisilofaa. Soane alisoma jioni, akafaulu, kwa kuwa mchana alikuwa na bwana aliyemfundisha. Vijana wa 1847 walinung’unika kwa kuwa mabwana wao hawakuwafundisha. Watu wa Oxford waliogopa elimu isiyo na msimamizi. Kwa hiyo usiulize tu kama utasoma mchana au usiku. Uliza ni nani atakayesahihisha kazi yako, na kama kazi yako ya mchana italisha masomo yako.”

Nilimpa masharti matatu. Apate kwa maandishi ruhusa ya tajiri wake kwa siku za darasa na za mitihani. Akae na mke wake wahesabu miaka, maana masomo ya miaka 2 ya kutwa huweza kuwa 3 au 4 kwa mtu wa kazi, na barabara ya Lubumbashi, kilomita zipatazo 90, imejaa malori. Tena achague utafiti unaotoka katika kazi yake.

Hilo la tatu alilijibu mara moja. Alinikumbusha kikanisa cha kijiji kimoja tulichojenga wenyewe kwa matofali ya udongo wa kichuguu. Udongo ule ni mzuri kwa matofali, lakini tulisimamisha pembe moja ya jengo juu ya kichuguu chenyewe bila kuchimba. Mvua ya pili ukuta ukapasuka toka msingi hata dirishani. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo watu husali chini ya mwembe. Tena matofali yale tuliyachoma kwa kuni, na kila tanuru humeza miti mingi ya msitu wetu.

“Nataka kusoma juu ya udongo huo,” akasema, “jinsi ya kuushindilia kwa saruji kidogo bila kuuchoma, na jinsi ya kuweka msingi penye vichuguu.”

Nilimtazama, nikaona kwamba mawili aliyoyashika ni kitu kimoja. Jumamosi tumekubaliana kwenda kupima ule ufa.