Filamu za Taharuki na Swali la Nani Alitoa Amri

Muhula uliopita, baada ya kuwaonyesha wanafunzi wangu filamu ya The Last King of Scotland, mmoja wao aliinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, yule daktari Mskoti bado yu hai?" Nilimjibu kwamba hakuwahi kuwapo. Nicholas Garrigan ni mtu wa kubuni, aliyetoka katika riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Darasa likacheka. Nami nikawauliza: nani alikuwa Jaji Mkuu wa Uganda mwaka 1972? Kimya kikatanda.

Kimya hicho ndicho chanzo cha makala haya. Mimi ni mpenzi wa filamu za taharuki, na sioni aibu kukiri. Lakini vijana wetu wengi leo wanaifahamu historia ya siasa kupitia filamu hizi kuliko kupitia vitabu, na kwa hiyo hatuna budi kuuliza zinafundisha nini na zinaficha nini.

Nianze na iliyo bora kuliko zote nilizowahi kuona. Z, ya mwongozaji Costa-Gavras, ilitoka mwaka 1969, ikitokana na riwaya ya Vassilis Vassilikos kuhusu mauaji ya Grigoris Lambrakis, mbunge wa Ugiriki na mpigania amani. Usiku wa tarehe 22 Mei 1963, akitoka kwenye mkutano mjini Thessaloniki, Lambrakis alipigwa kichwani na mtu aliyekuwa juu ya gari dogo la magurudumu matatu, huku askari polisi wakiwa wamejaa pale pale. Alifariki siku tano baadaye. Wakubwa walitaka ionekane kuwa ni ajali ya barabarani.

Filamu hiyo isingeweza kupigwa Ugiriki, kwa kuwa wanajeshi walitwaa madaraka Aprili 1967. Ilipigwa Algiers, na Tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni ikaenda kwa jina la Algeria. Nguvu yake kubwa imo katika nusu ya pili, pale shujaa anapokuwa hakimu mchunguzi mwenye miwani myeusi, mtu mkimya asiye na itikadi ya wazi. Hana bastola, ana jalada. Mwanzoni analiita jambo lile "tukio". Ushahidi unapozidi, anatamka neno "mauaji". Kisha maofisa wakubwa, vifua vimejaa nishani, wanaitwa mmoja baada ya mwingine kutaja majina na kazi zao kabla ya kusomewa mashtaka. Kila mmoja, akitoka, anajaribu kwanza mlango uliofungwa. Sijaona picha nyingine inayoeleza vizuri hivyo jinsi dola inavyofedheheka inapolazimika kujibu swali la kawaida.

Ina kasoro pia. Mjane wa marehemu amepewa huzuni bila sauti, na wananchi wamebaki kuwa umati tu. Kifo cha Lambrakis kilizaa harakati kubwa ya vijana iliyoongozwa na Mikis Theodorakis, ambaye muziki wake unasikika katika filamu hiyo hiyo. Lakini mtazamaji anarushwa kutoka mahakamani hadi utawala wa kijeshi kana kwamba ile miaka minne ya siasa katikati haikuwapo. Hata hivyo, historia iliongeza sura ambayo filamu haikuweza kuijua. Hakimu halisi, Christos Sartzetakis, aliondolewa kazini na kufungwa na wanajeshi. Mwaka 1985 akawa Rais wa Ugiriki.

Marekani ilichukua njia nyingine. Katika The Parallax View ya mwaka 1974, Alan Pakula anamwonyesha mwandishi wa habari akiwa peke yake dhidi ya kampuni inayokodisha wauaji. Anauawa, na tume inahitimisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa muuaji. Ni filamu ya kutisha iliyotengenezwa kwa ustadi, na hofu yake haikuwa ndoto tupu: mwaka 1975 kamati ya Seneti chini ya Frank Church ilieleza njama za CIA za kumuua Patrice Lumumba na Fidel Castro. Lakini zingatia nani aliyeyafichua hayo. Ni kamati ya Bunge, kwa kuhoji mashahidi na kusoma nyaraka. Filamu haina nafasi ya kitu kama hicho. Mtazamaji anatoka akiamini kwamba kila kitu kimekwisha kupangwa, na anayeamini hivyo hana sababu ya kufungua kesi wala kutunza ushahidi.

Miaka miwili baadaye mwongozaji huyo huyo alitoa All the President's Men, kuhusu waandishi wawili wa Washington Post waliofuatilia uvunjaji wa ofisi za Watergate wa tarehe 17 Juni 1972. Uzuri wake ni kwamba umeifanya kazi ya kuchosha kuwa taharuki: kupiga simu, kubisha hodi usiku, kupekua vijikaratasi vya kuazimia vitabu maktabani hadi watu wanaonekana kama sisimizi chini ya paba kubwa. Kila mwanafunzi anayelalamikia utafiti wa nyaraka anapaswa kuitazama.

Lakini filamu inaishia Januari 1973, na yaliyofuata yanapitishwa haraka kwa vichwa vya habari. Humo amepotea Waziri wa Sheria Elliot Richardson, ambaye Oktoba 1973 aliamriwa na Rais amfukuze mwendesha mashtaka maalumu Archibald Cox. Alijiuzulu kuliko kutii. Naibu wake, William Ruckelshaus, naye akakataa. Tarehe 24 Julai 1974 Mahakama ya Juu iliamuru, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba Nixon akabidhi kanda za sauti. Siku 16 baadaye akaondoka madarakani. Waandishi wawili walifungua mlango. Walioupitia hadi ndani ni majaji, wabunge na watumishi wa umma waliosema hapana.

Sasa turudi Kampala. The Last King of Scotland, ya mwaka 2006, ina sifa zake. Forest Whitaker alistahili Oscar aliyopewa, kwa sababu anamwonyesha Idi Amin mcheshi na mwenye mvuto, na hivyo tunaelewa kwa nini mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971 yalishangiliwa mitaani. Dikteta asiye na haiba hahitaji kuogopwa na wanahistoria. Huwa hafiki mbali.

Kasoro yake ni ile ile, ila imetiwa rangi. Mateso ya Waganda yamekuwa mandhari ya hatari inayomkabili mgeni mmoja. Karibu na mwisho, daktari Mwafrika anamwokoa Garrigan, akimtaka aende akauambie ulimwengu, kwa kuwa yeye, akiwa mzungu, ataaminiwa. Kisha daktari huyo anauawa. Filamu imekiri dhambi yake kwa kinywa chake, kisha ikaendelea nayo.

Wanafunzi wangu, Jaji Mkuu mliyemkosa aliitwa Benedicto Kiwanuka. Aliongoza serikali ya Uganda kabla tu ya uhuru. Septemba 1972 aliamuru aachiwe Mwingereza aliyeshikiliwa na jeshi kinyume cha sheria. Muda mfupi baadaye askari waliingia katika Mahakama Kuu mchana kweupe, wakamtoa na kumpeleka kusikojulikana. Mwili wake haukupatikana.

Hapo kuna kila kinachohitajika na mtunzi wa taharuki: jalada, amri ya mahakama, hatari anayoijua mhusika mwenyewe, na mlango unaofunguliwa kwa nguvu. Nawasihi msiache kuzitazama filamu hizi. Zina ujasiri wa kuuliza nani alitoa amri, swali ambalo magazeti mengi hulikwepa. Lakini taa zikiwashwa, ulizeni na swali la pili: nani alipewa amri akakataa kuitii, na kwa nini hatujui jina lake?