Picha kama Shahidi: Wapiga Picha wa Afrapix katika Maasi ya Afrika ya Kusini

Katika Kiswahili, neno "shahidi" lina maana mbili. Shahidi ni mtu aliyeona jambo kwa macho yake na awezaye kulithibitisha mbele ya hakimu. Shahidi pia ni yule aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Historia ya vijana waliopiga picha za maasi ya Afrika ya Kusini yaonyesha jinsi maana hizo mbili zinavyokaribiana. Picha iliyowafahamisha walimwengu dhuluma ya ubaguzi wa rangi iliweza pia kumtambulisha mwandamanaji kwa polisi. Swali ni hili: shahidi huyo alikuwa wa upande gani?

1. Fundisho la Soweto

Tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga amri ya kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana. Polisi wakawafyatulia risasi. Sam Nzima, mpiga picha wa gazeti la The World, alimpiga picha mtoto Hector Pieterson akiwa amebebwa mikononi na kijana Mbuyisa Makhubu, huku dada yake Antoinette akikimbia kando yao. Picha hiyo ilienea duniani kote.

Sifa hiyo ilikuwa na gharama yake. Nzima aliandamwa na polisi hata akaacha kazi ya gazeti na kurudi kwao Lillydale. Makhubu, ambaye kosa lake lilikuwa kumbeba mtoto aliyepigwa risasi, alilazimika kuikimbia nchi. Mwaka 1978 mama yake alipata barua kutoka Nigeria. Baada ya hapo familia haikupata tena habari za hakika. Hivyo picha moja ilimpa Pieterson kumbukumbu ya kudumu, nayo ikamfanya Makhubu asiweze tena kuishi kwao.

2. Kuundwa kwa Afrapix

Mwaka 1982 kundi la wapiga picha, miongoni mwao Omar Badsha, Paul Weinberg, Lesley Lawson na Peter McKenzie, waliunda ushirika ulioitwa Afrapix. Wengi walikuwa vijana: Weinberg alizaliwa mwaka 1956, sawa na Santu Mofokeng wa Soweto, aliyejiunga nao mwaka 1985, Cedric Nunn alizaliwa mwaka 1957. Walitoka katika matabaka ambayo sheria ya nchi ilikuwa imeyatenganisha: Waafrika, Wahindi, Machotara na Wazungu.

Afrapix haikuwa wakala wa kuuza picha tu. Wanachama wake waliandaa maonyesho, wakawafundisha wengine upigaji picha, na wakavipa vyama vya wafanyakazi na jumuiya za vitongojini picha za kutumia. Mwaka 1986 picha za wapiga picha 20 zilitoka katika kitabu The Cordoned Heart, kilichohaririwa na Badsha, kuhusu umaskini wa wananchi walio wengi.

3. Sheria dhidi ya macho

Septemba 1984 maasi mapya yalilipuka katika vitongoji vya Vaal, kusini ya Johannesburg. Kodi za nyumba zilikuwa zimepandishwa, na katiba mpya iliwapa Machotara na Wahindi mabaraza yao bungeni huku Waafrika wakiachwa nje kabisa. Kwa kuwa mikutano ya hadhara ilizuiwa, mazishi ya waliouawa yakawa mahali pa watu kukusanyika, na wapiga picha walitembea pamoja na waombolezaji. Tarehe 20 Julai 1985, siku ya mazishi ya wanaharakati wanne wa Cradock, serikali ilitangaza hali ya hatari katika wilaya 36.

Tarehe 2 Novemba 1985 ikapigwa marufuku kuchukua picha za ghasia katika sehemu hizo bila ruhusa, na Juni 1986 hali ya hatari ilienezwa nchini kote. Serikali ilidai kwamba kamera ndizo zilizochochea fujo. Lakini serikali hiyohiyo ilizihitaji picha: kifungu cha 205 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kiliwezesha kumwita mwandishi wa habari mahakamani na kumfunga akikataa kusema anayoyajua. Kwa hiyo, picha ilikatazwa iliposhuhudia dhidi ya askari, ikatafutwa ilipoweza kushuhudia dhidi ya raia.

4. Maana ya kuwa "ndani"

Hapo ndipo tofauti kati ya mgeni na mwenyeji ilipojitokeza. Mgeni aliweza kupiga picha, kupeleka filamu yake ng'ambo na kupanda ndege. Mwenyeji alibaki. Kesho yake angekutana mtaani na mama wa kijana aliyempiga picha, na kama kijana huyo amekamatwa, angeulizwa. Kuwa "ndani" hakukuwa suala la rangi wala la mahali pa kuzaliwa. Kulikuwa kukubali kuulizwa swali hilo na kulijibu.

Kazi ya Mofokeng yatoa jibu mojawapo. Mwaka 1986, wakati magazeti ya ng'ambo yalipotaka zaidi moto na risasi, yeye alipiga picha za abiria wakisali na kuimba ndani ya treni kati ya Soweto na Johannesburg. Picha hizo hazikumwonyesha mtu kama mhalifu wala kama maiti. Zilimwonyesha mfanyakazi anayeamka alfajiri na bado ana sauti ya kumwimbia Mungu.

Hali ya hatari iliondolewa mwaka 1990, na Afrapix ikavunjika mwaka 1991. Picha zake zimebaki kuwa hazina ya historia, na mwanahistoria azitumiaye hana budi kukumbuka sharti lililozizaa. Asitosheke kuuliza picha yathibitisha nini. Aulize pia aliyemo ndani yake alipatwa na nini baadaye. Kwa upande wa Mbuyisa Makhubu, swali hilo bado halijapata jibu.