Akina Mama Wafumaji wa Rorke's Drift

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinamtaja Dorkasi wa Yafa, ambaye wajane walimlilia huku wakionyesha nguo alizowashonea. Tangu siku zile kazi ya mikono ya akina mama imekuwa sehemu ya huduma ya Kanisa. Katika historia ya Walutheri wa Afrika, mfano mmoja unaostahili kukumbukwa wakati wa kuadhimisha miaka mia moja ya usharika ni ule wa Rorke's Drift, katika nchi ya Wazulu, Afrika Kusini.

Kanisa la Tanzania lina undugu na upande huo. Wamisionari wa Kanisa la Sweden walitumika katika nchi zote mbili. Bengt Sundkler, aliyekuwa Askofu wa Bukoba tangu 1961 hadi 1964, alikuwa mmisionari Zululand tangu 1937 hadi 1942, kabla ya kuja Tanganyika.

Jina la Rorke's Drift lilijulikana kwanza kwa vita. Tarehe 22 na 23 Januari 1879 askari wa Uingereza na Wazulu walipigana kuzunguka majengo ya misioni ya Kiswidi iliyopo hapo. Miaka 84 baadaye, mahali palipomwagika damu palisikika sauti ya mitambo ya kufumia.

Kazi yenyewe ilianzia hospitalini. Mwaka 1961 wasanii wawili Waswidi, Peder Gowenius na mkewe Ulla, walifika Afrika Kusini. Katika hospitali ya misioni ya Ceza walikuta wagonjwa wa kifua kikuu waliolazwa kwa muda mrefu, mbali na jamaa zao na bila shughuli. Wakaanza kuwafundisha kazi za mikono. Mwaka 1962 yalifunguliwa mafunzo huko Umphumulo ya kuwaandaa akina mama watakaofundisha kazi hizo mahospitalini, na mwaka 1963 kituo kikahamia Rorke's Drift chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Nguzo mojawapo ya kazi hiyo alikuwa Allina Ndebele, Mzulu aliyeanza kama mkalimani. Alipelekwa Sweden kujifunza kufuma, akarudi kuwafundisha wenzake.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, yafaa kukumbuka hali ya wakati ule. Wanaume walikwenda kufanya kazi migodini na mijini, na sheria za ubaguzi wa rangi ziliwazuia wake zao kuwafuata. Tena sheria ya Natal ilimhesabu mwanamke Mwafrika kuwa kama mtoto, aliye chini ya baba au mume maisha yake yote. Mwanamke wa namna hiyo alipopokea ujira wa kazi yake mwenyewe, alipokea pia heshima ambayo sheria ilimnyima.

Sufu ya kondoo ilisokotwa, ikatiwa rangi, kisha ikafumwa kuwa mazulia na vitambaa vya kutundika ukutani. Mfumaji hakupewa mchoro wa kunakili. Picha aliitunga mwenyewe, akiwa ameketi mbele ya mtambo, kutokana na hadithi za Biblia, ngano za wazee na maisha ya kijijini kwake. Hivyo vitambaa hivyo vilibeba mawazo ya akina mama ambao hakuna aliyekuwa akiwauliza maoni yao.

Hata hivyo lilibaki swali zito: kazi hii ni ya nani? Wafumaji walikuwa akina mama wa Kizulu, lakini uongozi wa awali ulikuwa mikononi mwa wageni. Akina Gowenius, baada ya kuondoka Afrika Kusini, walianzisha mwaka 1973 kiwanda cha ufumaji katika kijiji cha Oodi, karibu na Gaborone, Botswana, kwa mpango kwamba wafanyakazi wenyewe wawe wenye mali. Allina Ndebele naye baadaye alifungua karakana yake nyumbani kwao. Huko Rorke's Drift shule ya sanaa, iliyoanza 1968, ilifungwa 1982, lakini ufumaji na ufinyanzi uliendelea.

Mwezi Juni 1977, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likamchagua Askofu Josiah Kibira kuwa Rais wake. Mkutano huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika ni jambo linalogusa ungamo lenyewe la imani. Akina mama wafumaji walikuwa wamekwisha kuushuhudia ukweli huo kwa nyuzi.

Historia yao inakiachia kila kikundi cha akina mama sharikani maswali matatu: nani anabuni kazi, nani anashika daftari la fedha, na nani atakayeiendeleza wafadhili wakishaondoka. Kikundi kinachoweza kujibu maswali hayo kwa majina ya wanachama wake kimekwisha kusimama kwa miguu yake.