Waliohukumiwa Kasongo, Walioulizwa Ulaya

Mwaka 1894 watu wawili, Ismailia na Mamba, walinyongwa Kasongo. Walikiri kumuua Emin Pasha, Mjerumani aliyechinjwa msituni mwezi Oktoba 1892, ila walieleza kuwa aliyewatuma ni mkubwa wao, Kibonge. Utetezi huo haukuwafaa kitu. Kasongo, mji wa mfanyabiashara wa Kiarabu Tippu Tip, ulikuwa umetekwa na jeshi la Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu Aprili 1893, na hukumu zilitolewa na maofisa wa kijeshi.

Hata aliyewasaidia kuuteka hakusalimika. Gongo Lutete, chifu wa Ngandu, aliwaacha Waarabu mwaka 1892 akawaletea Wabelgiji wapiganaji wake. Septemba 1893 maofisa wa kituo cha Ngandu walimshitaki kwa uhaini, wakaunda baraza la vita, wakamhukumu kifo. Akiwa kifungoni alijitia kitanzi. Wakaikata kamba, wakamzindua, ndipo wakampiga risasi. Sijui kama kuna huduma ya daktari ya kikatili kuliko hiyo. Kamanda Dhanis alikuwa amemtuma ofisa wake Hinde kwenda kuzuia, naye akakuta mambo yamekwisha. Waliokuja kudai damu ya Gongo ni askari wake wa zamani wa Kitetela, walioasi Luluabourg mwaka 1895.

Sasa tumtazame Hubert Lothaire, ofisa wa jeshi hilohilo la Leopold. Ndiye aliyeiteka Kabambare Januari 1894 na kumkimbiza Rumaliza, mkubwa mwingine wa Waarabu. (Rumaliza hakuona kamba, alivuka hadi upande wa Wajerumani, na baadaye akamshitaki Tippu Tip kwa madai ya ushirika wa biashara, akashinda. Wenye mali waligombana kwa hati.) Mwanzoni mwa Januari 1895 Lothaire akamuua Kibonge, na Ulaya haikuuliza lolote.

Siku chache tu baadaye, huko Lindi ya Kongo, si ile ya pwani, akamnyonga Charles Stokes, mfanyabiashara kutoka Ireland aliyetuhumiwa kuwauzia Waarabu bunduki. Kesi jioni, kitanzi alfajiri ya Januari 15, bila wakili wala rufaa. Haraka ileile, ofisa yuleyule. Safari hii London na Berlin zikawaka, kwa sababu Stokes alikuwa raia wa Uingereza na alifanya biashara katika himaya ya Wajerumani. Leopold akalipa fidia: faranga 150,000 kwa Uingereza na 100,000 kwa Ujerumani. Kibonge huenda alistahili kujibu kwa damu ya Emin, sitamtetea. Lakini hakuna serikali iliyouliza alihukumiwaje.

Lothaire naye alipandishwa kizimbani Boma, akaachiwa Aprili 1896. Rufaa ikapelekwa Brussels; Agosti akaachiwa tena. Kisha akarudi Kongo, safari hii kuongoza shughuli za kampuni ya Anversoise kule Mongala, ambako wanakijiji walilazimishwa kwa mtutu kuleta mpira.