Mapengo ya kwenye hadithi, na watu waliojitolea kuyaziba (Sehemu ya 6)

Mliokwisha kulaza watoto, karibuni mkae. Mlio zamu ya usiku kama mimi, poleni na kazi. Sehemu tano zilizopita tulikuwa kwenye historia ya magonjwa tu, leo tuingie kwenye tamthilia. Msiniache njiani lakini, maana mwishoni tunarudi kliniki.

Mtoto akishafika miaka minne mitano, hakuna mkaguzi wa hadithi anayemzidi. Jana ulimwambia sungura alikufa, leo sungura yumo tena anaiba maharage ya fisi. Atakusimamisha hapo hapo: "Mama, si alikufa?" Ukikosa jibu, anajitafutia mwenyewe: "Labda huyu ni mdogo wake." Basi hiyo kazi aliyoifanya mwanao, watu wazima wenye kazi zao na familia zao wameifanya kwa zaidi ya miaka 50 juu ya tamthilia moja ya Kimarekani inayoitwa Star Trek.

Star Trek ni hadithi ya chombo kinachosafiri kwenye nyota za mbali. Kituo cha NBC kilianza kuirusha tarehe 8 Septemba 1966, ikasimamishwa 1969 baada ya vipindi 79. Waandishi walikuwa wengi, pesa kidogo, na watazamaji wa kawaida nyumbani hawakuwa na mashine ya kurekodi. Mwandishi akisahau alichoandika mwenzake, nani angejua? Tatizo likaja miaka ya 1970, vituo vya mikoani vilipoanza kurudia vipindi vile tena na tena. Sasa watu wakaanza kulinganisha. Kumbe mapengo ni mengi!

Na waliokaa kuyaziba, wengi walikuwa wanawake. Jarida la mashabiki lililoitwa Spockanalia lilitoka 1967, na wahariri wake walikuwa wanawake wawili. Hakukuwa na intaneti. Watu walipiga taipureta, wakarudufu kurasa, wakabandika stempu, wakatuma. Barua moja ya nadharia inakwenda, majibu yanarudi baada ya wiki kadhaa. Januari 1972 mashabiki wakakutana New York kwenye mkutano mkubwa, wakaendelea kubishana uso kwa uso.

Nianze na pengo la kuchekesha. Kwenye kipindi cha Februari 1967 alikuwepo mtu mbaya anaitwa Khan. Wakati huo kijana Chekov alikuwa hajaingia kwenye tamthilia, aliingia msimu wa pili, Septemba 1967. Sasa kwenye filamu ya 1982 Khan anamwona Chekov, anamwambia sura yako naikumbuka. Unamkumbuka wapi wakati hamjawahi kukutana? Mashabiki wakasema Chekov alikuwemo ndani ya chombo siku zote, ila idara nyingine, kamera haikumfikia. Mwigizaji mwenyewe, Walter Koenig, alikuwa akiwachekesha watu kwamba Chekov alikaa chooni muda mrefu mno huku Khan amebanwa anasubiri mlangoni, ndo maana hakusahau ile sura. Mama mwenye choo kimoja na watoto wanne anaelewa chuki hiyo.

Pengo la pili linatuhusu sisi wa Kiswahili. Msemaji wa chombo, anayepokea na kutuma mawasiliano, ni mwanamke mweusi anaitwa Uhura. Aliigizwa na Nichelle Nichols. Kwa maelezo yake mwenyewe, siku ya usaili alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya. Neno likawapendeza waliokuwa wanamsaili, wakalibadilisha herufi ya mwisho ili lisikike kama jina la kike. Sisi tunajua Kiswahili hakigawi kike na kiume kwa herufi ya mwisho, uhuru ni wa wote. Lakini kumbuka miaka yenyewe: Tanganyika 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Neno letu lilikuwa kwenye magazeti ya dunia, likapanda mpaka kwenye nyota. Na kwenye kile kipindi cha kwanza kabisa, Septemba 1966, kuna kiumbe kinajigeuza mwanamume mweusi na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili.

Pengo lilikuwa hapa: Uhura hakuwa na jina lingine. Vipindi vyote vile, jina moja tu. Mashabiki hawakukubali, mtu mzima gani hana jina alilopewa na mama yake? Mwaka 1982 mwandishi William Rotsler alipoandika kitabu cha wasifu wa wahusika, akamwita Nyota. Kumbuka hakuna aliyelitamka kwenye tamthilia. Lakini mashabiki walilipokea, wakalitumia kwenye hadithi zao kama vile lilikuwepo siku zote, mpaka filamu ya 2009 ikalitamka waziwazi. Miaka 27. Jina lililoanzia kitabuni likawa jina rasmi.

Pengo la tatu, hili ndilo nalipenda kuliko yote kwa sababu muuguzi yumo. Septemba 1967, mashine moja inafuta kumbukumbu za Uhura. Zote, anabaki kama mtoto. Daktari na nesi Christine Chapel wanaanza kumfundisha kusoma upya, neno kwa neno. Anakosea, anakasirika, na hasira ikimpanda anaanza kuongea Kiswahili! Nesi anamrudisha kwenye Kiingereza. Kipindi kinaisha, na kwenye vipindi vilivyofuata Uhura yuko kazini kama hakijatokea kitu.

Watazamaji wakauliza: elimu ya miaka mingi imerudi lini? Mashabiki wakashika ile sekunde ya Kiswahili. Kama kumbukumbu zingekuwa zimefutwa kweli, Kiswahili kingetoka wapi? Basi ghala halikuungua, ni ufunguo tu uliopotea. Masomo ya Chapel hayakuwa ya kumjaza vitu vipya, yalikuwa ya kumtafutia ufunguo.

Kwa jicho la kiuguzi, nadharia hiyo haiko mbali sana na wodini. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kukosa maneno kabisa, halafu yakarudi kidogo kidogo kwa mazoezi, hasa akianza mapema. Mwenye lugha mbili, wakati mwingine lugha moja hutangulia kurudi. Na wazee wenye ugonjwa wa kusahau, wengi hurudi kwenye lugha ya utotoni hata kama maisha yote ya kazi waliongea nyingine. Ukiona bibi ameanza kujibu kwa kilugha tu, usimwone mkaidi. Mwitie anayekijua.

Pengo la nne ndilo lililodumu kuliko yote. Kuna taifa la wapiganaji, Waklingon. Walionekana mara ya kwanza Machi 1967. Pesa ilikuwa kidogo, kwa hiyo walipakwa rangi ya kahawia usoni, wakawekewa nyusi nene na ndevu, basi. Paji la uso ni laini kama langu na lako. Ikaja filamu ya 1979, pesa ipo, na Waklingon wakatokea na matuta makubwa kwenye paji la uso. Hakuna aliyeeleza chochote.

Hapo nadharia zikamwagika. Wengine wakasema ni makabila mawili ya taifa moja. Wengine, ikiwemo michezo iliyouzwa miaka ya 1980, wakasema wale laini walichanganywa na binadamu. Wengine wakasema walifanyiwa upasuaji. Na wapo waliosema acheni kujitesa, walikuwa na matuta siku zote, sisi ndio hatukuonyeshwa.

Mwaka 1994 kikaja kipindi kilichowarudisha Waklingon watatu wa zamani, majina yale yale, waigizaji wale wale waliowahi kuwa na paji laini. Safari hii wana matuta. Nadharia ya makabila mawili ikapata pigo, maana mtu habadilishi kabila akizeeka. Mashabiki wengi wakaiacha, wakatafuta nyingine. Zingatieni hapo, nitaparudia.

Mwaka 1996 waandishi wenyewe wakalitania pengo. Mhusika wa Kiklingon, Worf, anarudi zamani pamoja na wenzake, wanakuta Waklingon wenye paji laini. Wenzake wanamuuliza: ni vinasaba vilichezewa? Ni virusi? Anajibu kwamba mambo hayo hawaongei na watu wa nje. Akawaacha hivyo hivyo.

Jibu lilikuja Februari 2005, na lilikuwa yote mawili. Wanasayansi wa Kiklingon walichukua vinasaba vya binadamu waliotengenezwa wawe na nguvu kupita kiasi, wakawajaribia askari wao. Mmoja alikuwa na mafua. Virusi vya mafua vikabeba vile vinasaba, vikaanza kuruka kwa hewa. Mgonjwa kwanza anapoteza matuta, baadaye anakufa. Daktari mmoja, Phlox, akafanikiwa kuuzuia ugonjwa kwenye hatua ya kwanza. Watu wakapona, ila sura zikabaki laini, wakawarithisha watoto.

Kiafya, sura haibadiliki kwa siku chache namna hiyo, hiyo ni ya kwenye TV. Lakini virusi vya mafua kubadilishana vinasaba ni jambo la kweli. Mafua makali yaliyozunguka dunia 1957, na tena 1968, yalitokana na virusi vya binadamu kuchanganyika na vya ndege.

Sasa turudi kliniki kama nilivyowaahidi.

Akili ya binadamu haikai na pengo. Usipoipa sababu, inatengeneza yake. Kwenye tamthilia haina madhara, ni raha tupu. Kliniki ni tofauti, kwa sababu na sisi huku tuna mapengo. Mama anaambiwa mtoto achanjwe surua miezi tisa, anachanjwa. Miezi 18 anaambiwa arudi, surua tena. Asipoelezwa, anajijibu: "Ile ya kwanza ilikuwa mbovu." Au: "Wanatufanyia majaribio." Jibu lenyewe ni jepesi: dozi ya miezi tisa, karibu watoto 15 kati ya 100 haiwashiki. Hatuwezi kuwajua kwa kuwaangalia, kwa hiyo wote wanarudi ili wale 15 nao wapate kinga. Dakika moja tu ya maelezo. Bila hiyo dakika, mama anabaki na nadharia yake, na mtoto anabaki nyumbani.

Au bibi anamwambia binti yake, "Sisi tulianza kuwapa uji miezi minne, mbona nyie sita?" Bibi hadanganyi. Zamani ushauri ulikuwa kati ya miezi minne na sita. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani likasema miezi sita kamili maziwa ya mama tu, baada ya tafiti kuonyesha watoto hao wanaugua tumbo kidogo zaidi. Bibi alifuata ushauri wa wakati wake na binti anafuata wa wakati huu. Wakielezwa, hawana haja ya kununiana.

Kwa hiyo chukueni kitu kimoja kwa wale mashabiki wa barua na taipureta. Walipenda nadharia zao sana, lakini ushahidi wa 1994 ulipokuja, wengi waliziweka chini. Na wewe ukiwa na dhana yako kuhusu chanjo, dawa au ratiba, njoo nayo dirishani, usiifiche. Uliza: "Nesi, hii imebadilika kwa nini?" Ni haki yako kujibiwa. Na sisi wauguzi wenzangu mnaosoma hapa, tusijibu kama Worf.

Sehemu ya 7 tutaongelea kadi ya kliniki: ile mistari ya uzito ina maana gani. Hapo chini niandikieni pengo gani la hadithi mtoto wako alikushika nalo, na alijijibuje. Usiku mwema.