Sauti Iliyonusurika Moto: Kinanda cha Mtakatifu Yakobo, Hamburg

Juni 1944, mabomu ya ndege za kivita yaliliangukia kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Yakobo, katikati ya jiji la Hamburg, Ujerumani. Paa liliteketea, likateketea pia kabati kubwa la mbao lililobeba kinanda cha kanisa kwa karne mbili na nusu. Lakini moto ulikuta kabati lisilo na mabomba. Tangu mwaka 1942 yalikuwa yameshateremshwa na kufichwa mahali salama.

Aliyekijenga kinanda hicho, kati ya 1689 na 1693, ni Arp Schnitger, fundi aliyesifika sana kaskazini mwa Ujerumani. Waliokulia katika sharika zetu huku wanakijua kinanda kidogo cha kukanyaga kwa miguu. Hiki ni cha jamii nyingine kabisa. Kina safu nne za vibao vya mikono na moja ya miguu, aina 60 za sauti, na mabomba yapatayo 4,000. Bomba refu kuliko yote linakaribia mita 10, na madogo kabisa hayafikii urefu wa kidole. Mpigaji akibonyeza kibao, kijiti chembamba cha mbao kinavuta kilango kilicho chini ya bomba, upepo wa mivukuto unapanda, na bomba linaimba. Zamani mivukuto iliendeshwa kwa nguvu za watu, kwa hiyo nyuma ya kila wimbo palikuwa na jasho la mtu ambaye waumini hawakumwona.

Schnitger hakuanza upya kwa kila kitu. Katika kinanda kilichotangulia, kilichopita mikononi mwa mafundi wa ukoo wa Scherer na baadaye fundi Gottfried Fritzsche, alichagua mabomba yenye sauti nzuri akayaunganisha na yake. Hakuona aibu kutunza kazi ya waliomtangulia.

Mwaka 1720 nafasi ya mpiga kinanda ilikuwa wazi, na mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach akaiomba. Ikaenda kwa Johann Joachim Heitmann, ambaye aliingiza mark 4,000 katika mfuko wa kanisa. Inasimuliwa kwamba mchungaji Erdmann Neumeister alichukizwa mno, akahubiri kuwa hata malaika wa Bethlehemu akishuka kuja kupiga kinanda hapo, kama hana fedha itambidi aruke arudi alikotoka. Bach akaenda zake, naye mwaka 1723 akahamia Leipzig.

Hasara iliyofuata ililetwa na vita. Mwaka 1917, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, mabomba ya mbele, yaliyotengenezwa kwa bati, yalichukuliwa kwa mahitaji ya vita. Uso wa kinanda ukabaki na pengo. Mwaka 1919 mwandishi kijana, Hans Henny Jahnn, alikichunguza, akatambua kwamba nyuma ya pengo lile sehemu kubwa ya kazi ya Schnitger ingali nzima. Alihangaika kutafuta fedha za kukikarabati, na watu wakaanza kuja kukisikiliza. Naamini hapo ndipo kiliponusurika kwa kweli, kwa maana watu hawafichi kitu wasichojua thamani yake. Walioyateremsha mabomba mwaka 1942 walijua wanabeba nini.

Kufikia mwaka 1961 kinanda kilikuwa kimerudishwa mahali pake kanisani. Kisha, kati ya 1989 na 1993, fundi Jürgen Ahrend akakikarabati upya, akajenga tena kabati kwa mfano wa lile lililoungua na kutengeneza mabomba mapya ya mbele. Kilipokamilika, kilikuwa kimetimiza miaka 300.

Kwa hiyo anayeketi leo katika viti vya Mtakatifu Yakobo anaona mbao za juzi na bati la juzi. Wimbo ukianza, nyuma ya vitu hivyo vipya yanaitika mabomba ya Schnitger, na pamoja nayo yale ya wazee waliomtangulia, ambayo aliyapokea na kuyapa nafasi ya kuimba tena.